Pampu ya Shimo la Chini ya Nyumba na Wakati Wake wa Kubadilishwa

Miongoni mwa ndugu zetu wasemao Kiswahili waliohamia Marekani, hasa waliotoka Kongo, Burundi na Kenya wakapata kazi na makazi katika miji ya Iowa, Ohio na Minnesota, wamo sasa wengi ambao, baada ya miaka ya kujinyima na kuweka akiba, wamejaaliwa kununua nyumba zao wenyewe; na katika nyumba hizo wamekuta jambo ambalo hawakulizoea walikotoka, nalo ni chumba kizima kilichochimbwa ardhini, ambacho wenyeji hukiita besimenti, na katika pembe moja ya sakafu yake kifuniko cha mviringo, ambacho chini yake mna shimo, na ndani ya shimo mna pampu. Atokaye Mombasa au Bujumbura pampu anaijua, lakini aijuayo ni ile ipandishayo maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi, nayo ikiharibika nyumba hukosa maji. Hii ya huku kazi yake ni kuyatoa maji yasiyotakiwa, nayo ikiharibika nyumba hujaa maji. Tofauti hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu pampu ya kisima ikifa, mabomba ya jikoni hutoa habari siku ile ile, lakini pampu ya shimo yaweza kufa mwezi wa Oktoba na mwenye nyumba asipate habari mpaka Aprili, maji yanapokwisha kufika kwenye magodoro ya watoto.

Yafaa kwanza tuijue sababu ya kuwapo kwake. Katika nchi za baridi kali ardhi huganda, na maji yaliyomo udongoni yakiganda huvimba na kuuinua msingi wa nyumba; kwa hiyo sheria za ujenzi zataka msingi ushuke mpaka chini ya kina kinachofikiwa na baridi hiyo, ambacho kwa Minnesota ni kiasi cha futi 3 na nusu kusini mwa jimbo na futi 5 kaskazini. Mjenzi aliyekwisha kuchimba hivyo huona si gharama kubwa kuchimba zaidi kidogo akapata chumba. Lakini chumba kilichozungukwa na udongo pande zote huvuta maji ya mvua na ya theluji iyeyukayo, na ili maji hayo yasipenye kutani, mabomba yenye matundu hulazwa ndani ya kokoto kuuzunguka msingi, yakayapokea na kuyateremsha mpaka shimoni. Shimo aghalabu lina upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 60. Maji yanapopanda, boya huinuka pamoja nayo na kuiwasha swichi. Pampu huyasukuma maji juu kwa bomba linalotoka nje ya ukuta. Na juu kidogo ya pampu huwekwa valvu iyazuiayo maji yaliyokwisha kupanda yasirudi shimoni. Hayo ndiyo mambo yote, na kila moja kati yake laweza kuharibika peke yake huku mengine yakiwa mazima.

Pampu hii haina kazi iliyo sawa mwaka mzima. Yaweza kukaa kimya miezi mitatu, minne, kisha ikatakiwa ifanye kazi usiku kucha bila kupumzika, mwezi wa Machi au Aprili theluji inapoyeyuka na ardhi ya chini ingali imeganda, au katikati ya mwaka wakati wa mvua za radi. Mtu aitazamaye siku ya ukame huona chombo kilichotulia, akadhani kuwa utulivu huo ni dalili ya uzima. Mimi naamini, na ndilo shauri langu kubwa kwa msomaji, kwamba pampu hii haipasi kungojwa mpaka ife ndipo ibadilishwe, kwa sababu saa ambayo ina uwezekano mkubwa wa kufa ndiyo saa ile ile ambayo nyumba inaihitaji kuliko saa nyingine zote. Basi uamuzi wa kuiondoa sharti ufanywe ingali inafanya kazi, siku za jua, mwenye nyumba akiwa na nafasi ya kulinganisha bei na kumchagua fundi.

Ushahidi wa kwanza katika uamuzi huo ni umri, nao ndio unaodharauliwa kuliko wote. Pampu ya kuzama, ambayo mota yake imo majini pamoja na gurudumu lisukumalo maji, kwa kawaida huishi miaka 7 hadi 10. Ile ya kusimama, ambayo mota yake hukaa juu ya nguzo, nje ya maji, aghalabu hudumu zaidi, ingawa ina kelele na huzuia shimo lisifunikwe vizuri. Umri huo si ahadi. Iliyowekwa penye maji ya chini yaliyo karibu huwaka na kuzima mara nyingi mno kwa mwaka, ikachakaa mapema, na iliyowekwa penye udongo mkavu yaweza kupita miaka hiyo bila taabu. Walakini hii ya pili nayo ina hatari yake, maana mota isiyozunguka kwa muda mrefu hushikwa na kutu na gurudumu lake likakwama. Aliyenunua nyumba na asijue pampu iliwekwa lini na atazame kibati kilichobandikwa ubavuni mwake, ambacho mara nyingi kina mwaka wa kutengenezwa au namba ambayo mtengenezaji, akiulizwa, aweza kuutambua mwaka kwayo. Kadhalika aipekue ripoti ya ukaguzi aliyopewa wakati wa kununua. Asipopata habari yoyote, na aihesabu kuwa imezeeka. Kwa rai yangu, pampu ya kuzama ikitimiza miaka 7 mwenyewe aanze kutenga fedha, na ikitimiza 10 aibadilishe hata kama haijalalamika, kwani bei ya pampu mpya ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kung'oa zulia, kuta za jasi na tanuri la kupashia nyumba joto.

Ushahidi wa pili ni jaribio, ambalo halihitaji fundi. Walau mara mbili kwa mwaka, na lazima mara moja kabla theluji haijayeyuka, mwenye nyumba afunue shimo, achukue ndoo ya lita 20 ya maji safi, na kuyamimina taratibu mpaka boya liinuke. Na ndoo moja isipotosha, aongeze ya pili. Pampu yapasa iwake mara moja bila kusitasita, iyashushe maji kwa haraka, kisha izime yenyewe kabla haijaanza kunyonya hewa. Wakati huo mtu mwingine awe nje ya nyumba akitazama mdomo wa bomba, maana pampu yaweza kunguruma kwa nguvu chini huku juu hapatoki hata tone. Mwenye hima na apime kwa saa muda unaopita tangu pampu kuwaka hadi kuzima, siku ambayo maji hayaingii shimoni kwa wingi, na auandike muda huo kwa kalamu ya wino usiofutika ukutani karibu na shimo, pamoja na tarehe. Maandishi hayo yatamfaa baadaye kuliko maneno ya muuzaji yeyote, kwa kuwa pampu ambayo muda wake wa kulimaliza shimo umekuwa ukirefuka mwaka hata mwaka, na bomba lake likiwa halikuziba, inasema waziwazi kwamba gurudumu lake limelika.

Hapa nataka tukawie kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea bure. Tabibu mwema hampasui mgonjwa kabla hajajua ugonjwa uko wapi, na pampu nyingi huondolewa zikiwa nzima kwa kosa la kiungo kilicho jirani nazo. Katika viungo vyote, swichi ya boya ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Boya lifungwalo kwa waya huyumba, na pampu ikitetemeka husogea kidogo kidogo mpaka boya likaegemea ukuta wa shimo na kunasa: likinasa chini pampu haiwaki kamwe, na likinasa juu haizimi kamwe. Pampu nyingi zina plagi mbili, ya swichi ikiwa imechomekwa ukutani na ya pampu ikiwa imechomekwa mgongoni mwa ile ya swichi. Basi ikiwa maji yamepanda na pampu iko kimya, zitenganishe, uichomeke ya pampu moja kwa moja ukutani kwa nukta chache. Ikiwaka na kutoa maji, mota ni nzima na maradhi yamo katika swichi, ambayo hununuliwa peke yake kwa bei nafuu. Usiiache ikiendelea hivyo bila mtu, kwani itayamaliza maji na kuzunguka ikiwa kavu mpaka iungue.

Valvu nayo ina hila zake. Ikishindwa kufunga, maji yote yaliyosimama bombani hurudi shimoni kila pampu inapozima, yakaliinua boya tena, na pampu ikawa inawaka kila baada ya dakika chache juu ya maji yale yale. Mwenye nyumba akisikia hivyo hudhani pampu imeharibika, kumbe inachoshwa na kazi isiyo na faida. Dawa ya kulitambua jambo hili ni kusimama kando ya shimo pampu inapozima na kusikiliza: maji yakishuka kwa kishindo na kina kikapanda ghafla, kosa ni la valvu. Kuna pia tundu dogo litobolewalo katika bomba baina ya pampu na valvu, ili hewa iliyonaswa ipate pa kutokea. Likiziba kwa uchafu, pampu huzunguka katika hewa na isinyanyue kitu. Na wakati wa baridi mdomo wa bomba lililoko nje huziba kwa barafu, pampu ikahangaika bure mpaka ikapata joto. Katika maji yenye chuma, vijidudu viishivyo humo hutengeneza utelezi wa rangi ya machungwa uzibao kila kitu, boya na kichujio na tundu, na huo husafishwa kwa mkono, tena mara kwa mara.

Ama pampu iwakayo mfululizo, na boya liko huru, na valvu ni nzima, na bomba li wazi, hiyo yataka kuhesabiwa kabla ya kuhukumiwa. Ichomoe, kisha uangalie maji yanapanda kwa kasi gani. Katika shimo lenye upana wa sentimita 45 kila sentimita 10 za kina ni karibu lita 16. Yakipanda kiasi hicho kwa nusu dakika, basi yanaingia lita 32 kwa dakika moja. Pampu ndogo ya kawaida, yenye theluthi moja ya nguvu ya farasi, yapaswa kutoa zaidi ya lita 100 kwa dakika hata ikiwa inayapandisha maji mita 3. Kama mvua inanyesha na maji yaingiayo yanakaribia kiasi hicho, pampu si mbovu, ni ndogo kwa nyumba ile. Kama maji yaingiayo ni kidogo na bado haiwezi kuyamaliza, imechoka. Na kama shimo linajaa hata wakati wa ukame, pana shaka ya bomba la maji la mtaa kuvuja chini ya ardhi, au ya mdomo wa bomba la pampu yenyewe kuyamwaga maji karibu mno na ukuta, yakazunguka na kurudi yalikotoka. Yafaa yamwagwe si chini ya mita 3 kutoka kwenye msingi, upande ambao ardhi inateremka kwenda mbali na nyumba.

Zipo dalili ambazo hazina taawili nyingine. Mota inayovuma bila kuzunguka, na gurudumu likiwa limesafishwa, imekwisha. Mota inayozima katikati ya kazi, ikapoa, ikawaka tena yenyewe, na maji yangali yamejaa, inaokolewa na kinga yake ya joto, na kinga hiyo haitaiokoa siku zote. Pampu inayoikata breka ya umeme kila inapowaka huenda imeingiwa na maji ndani, na hiyo ni hatari kwa watu kabla ya kuwa hasara ya mali. Utando wa mafuta juu ya maji ya shimo nao ni shahidi wa kuaminika, kwa sababu pampu nyingi za kuzama hujazwa mafuta ya kuipoza mota na kuilainisha, na mafuta yakionekana nje maana yake ni kwamba mpira uliokuwa ukiyazuia umeachia, na palipotokea mafuta maji yataingia. Sauti ya kusaga yataka hadhari zaidi, maana yaweza kuwa ni jiwe dogo tu lililonaswa. Ondoa jiwe, na sauti ikiendelea, ni beringi zilizokwisha.

Katika kuchagua mpya, wengi hupotoshwa na dhana kwamba kubwa ndiyo bora. Pampu yenye nguvu mno katika shimo dogo huyamaliza maji kwa nukta chache, ikazima, ikawaka tena, na kuwaka huko kwa mara nyingi ndiko kunakoichakaza mota kuliko kuzunguka kwa muda mrefu. Nyumba nyingi hutoshelezwa na theluthi au nusu ya nguvu ya farasi, na hesabu niliyoieleza ndiyo imwamulie mwenye nyumba. Mwili wa chuma cha kusubu hupitisha joto la mota hadi majini vizuri kuliko wa plastiki, na katika nyumba ambayo pampu hufanya kazi sana singeacha kuulipia. Boya lipandalo na kushuka wima katika fimbo yake lafaa zaidi kwa shimo jembamba kuliko lile la waya. Fundi anapoiweka aweke na valvu mpya, atoboe lile tundu la hewa, na asikubali kuliunganisha bomba na mfereji wa maji machafu, jambo ambalo miji mingi imelikataza. Kifuniko nacho kirudishwe na kuzibwa vizuri pembeni, kwani kupitia shimo hilo hupanda radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu itokayo ardhini, ambayo huleta saratani ya mapafu, na jimbo zima la Iowa limo katika daraja la juu la hatari hiyo.

Siku ya kuibadilisha pampu ndiyo siku nzuri ya kufikiri juu ya kukatika kwa umeme. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo mkali wa radi uliopita Iowa uliangusha nguzo na miti mpaka mji wa Cedar Rapids, wenye jamaa zetu wengi wa Kongo, ukabaki karibu wote gizani, na wako waliongoja zaidi ya juma zima. Pampu mpya kabisa isiyo na umeme haina tofauti na ile iliyokufa. Kwa hiyo huwekwa pampu ya pili ndogo itumiayo betri, ambayo betri yake hudumu miaka 3 hadi 5 na hujaribiwa kwa kuichomoa ile kubwa na kumimina maji. Iko pia aina iendeshwayo na msukumo wa maji ya bomba la mji, isiyohitaji betri. Ni nzuri, ila haimfai mwenye kisima, na hata mjini si kinga kamili, kwani katika gharika ya mwaka 1993 mtambo wa maji wa Des Moines ulifunikwa na mto, na watu kiasi cha 250,000 wakakaa siku 12 bila maji ya bomba.

Na ijulikane mpaka wa uwezo wa pampu yoyote. Mto ukivuka kingo zake, kama ulivyofanya mto Cedar mwezi wa Juni 2008 ulipofika zaidi ya futi 31 pale Cedar Rapids, hakuna pampu ya shimo iwezayo kushindana nao. Besimenti ikiwa imejaa, mtu asiingie majini kabla umeme haujakatwa na mwenye ujuzi, na asiharakishe kuyatoa maji yote kwa siku moja wakati udongo wa nje umelowa, kwa maana uzito wa udongo huo, usipopata maji ya ndani ya kuuzuia, waweza kuziangusha kuta.

Aliyepanga nyumba asinunue pampu kwa fedha yake kabla ya kumwandikia mwenye nyumba, akieleza dalili alizoziona na tarehe yake, na akabaki na nakala. Aliyenunua na amwendee wakala wake wa bima kabla ya majira ya masika kuanza, amwulize mambo mawili kwa maandishi. La kwanza ni kama hati yake inagharimia maji yanayofurika kutoka shimoni pampu inaposhindwa, kwani hati za kawaida aghalabu hazigharimii hayo mpaka iongezwe sharti maalumu, na sharti hilo lina kiwango chake cha mwisho cha fedha. La pili ni gharika ya mto, ambayo ina bima yake mbali chini ya mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1968, na bima hiyo kwa kawaida haianzi kufanya kazi mpaka zipite siku 30 tangu kununuliwa, wala haigharimii vyote vilivyomo besimenti. Kampuni ikija kukagua hasara yaweza kutaka ithibati kwamba pampu ilikuwa ikitunzwa. Kwa hiyo risiti ya pampu mpya, jina la aliyeiweka, tarehe za majaribio ya ndoo na picha ya pampu ikiwa shimoni viwekwe pamoja na hati ya bima katika bahasha moja, orofa ya juu.